Anauliza Dagaa Sado Bei Gani

Mpendwa Baba,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo, na mimi, kama ulivyozoea kunisema, ni mtu wa kufuata mistari. Ungekuwa hai ungeisoma barua hii kwa sauti mbele ya wageni na kuigeuza palepale: "Anasema Mpendwa Baba, naomba vocha." Nakujua. Hukuwahi kupewa sentensi ya mtu ukairudisha kama ilivyokuwa.

Naiacha wazi, asome anayetaka. Siku niliyokuvunjia heshima, banda lako zima la video pale Buzebazeba lilisikia, kwa hiyo na haya wayasikie. Wengi wao bado wapo. Nikipita sokoni wananiita Ticha na kuanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Kwanza nikuambie lile ambalo sijalibadilisha, usije ukadhani kifo kimekupandisha cheo. Ladha yako ya vichekesho ilikuwa ya ovyo. Nimeishi na watu wengi, nimesoma na wengi, nimefundisha kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Kigoma, na sijamwona mtu mzima anayechekeshwa na vitu vya kijinga kama wewe. Unakumbuka jirani yetu alipoteleza na ndoo ya mawese? Akakaa katikati ya lile dimbwi jekundu, anainuka, anarudi chini, anainuka, anarudi chini. Watu wote walikimbia kumsaidia. Wewe ulikimbia kuita wengine waje waone. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata yeye akitumbukia kisimani utacheka kwanza ndipo utafute kamba. Alikuwa hatanii. Alikuwa analalamika.

Halafu ile kazi yako. Kwa wasioijua: miaka ile kabla kila mtu hajawa na sinema yake mfukoni, watu walikwenda kwenye mabanda ya video. La kwako lilikuwa la mabati, lenye mabenchi kumi na mawili ambayo hata moja halikusimama sawa, na televisheni ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Pembeni ulikaa wewe juu ya stuli ndefu, na lile koti lako la kahawia ambalo hukulivua hata kwenye joto la Septemba, umeshika maiki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ulikuwa mtafsiri. Picha zilikuja za Kichina, za Kihindi na za Kizungu, na wewe hukujua hata lugha moja kati ya hizo. Ulijua Kiha, Kiswahili, na Kilingala cha kuombea punguzo la vitenge. Hilo halikukusumbua hata kidogo.

Mwalimu wa karate anakata roho, anamshika mwanafunzi wake mkono, muziki unalia. Wewe: "Anasema yule jogoo wangu msimpe shemeji yenu." Mfalme anasimama mbele ya majeshi yake kutangaza vita. Wewe: "Anasema rudini nyumbani, mwezi umewaka, leo hakuna dagaa ziwani." Na mtu yeyote akilia, katika picha yoyote ya nchi yoyote, ulikuwa na sentensi moja tu. "Anauliza dagaa sado bei gani." Bei ya kopo moja la dagaa, basi, na hapo benchi la mbele linapinduka. Watu wazima wenye wajukuu wanashikana mabega, wanafuta machozi, wengine wanatoka nje kupumua. Kesho yake sentensi ni ileile, na watu ni walewale, na wanacheka kama hawajawahi kuisikia. Hata mbuzi angekuwa amechoka.

Na mimi nilicheka. Naliandika hili mwenyewe kabla ya mjukuu wako Zuhura kunisemea. Nilikuwa na miaka minane, tisa, nakaa kwenye mchanga chini ya televisheni, nimeinua shingo, macho hayabanduki kwenye kioo, na ulipolitamka lile neno nilijikunja mpaka tumbo likauma. Utotoni nilipenda pia sukari guru. Leo ukinipa naitema.

Kilichonigeuza kilikuwa bweni. Ulinipeleka mwenyewe, na begi la chuma, na kopo la samaki, migebuka ya kukaanga. Kule nikajifunza Kiingereza, na nikajifunza kuona haya, na nakuambia kweli vyote viwili vilikuja pamoja. Wenzangu wa kutoka miji mikubwa hawakucheka mtu akianguka. Walicheka kidogo tu, kwa pua, juu ya maneno. Nikaanza kujizoeza kucheka kwa pua.

Nikarudi likizo ya kidato cha tatu. Ilikuwa alasiri, banda limejaa, ukaniona nimesimama mlangoni, ukatangaza kwenye maiki: "Msomi amefika, mpisheni." Nikakaa benchi la tatu na uso wangu mpya. Picha ilikuwa ya Kizungu. Mwanamke amesimama kwenye mvua mbele ya mlango uliofungwa, analia, anasema maneno. Nami, Baba, nikayaelewa. Kwa mara ya kwanza maishani mtu wa kwenye kioo alisema sentensi nzima ikaingia kichwani mwangu bila kupitia mdomoni mwako. Alikuwa anasema: nisamehe.

Ukasogeza maiki. "Anauliza dagaa sado bei gani, na mbona zimelowa."

Wakaangua kicheko. Nikasimama. Sijui ni nani aliyenisimamisha. "Muongo!" nikasema. "Anasema nisamehe! Miaka yote unawadanganya hawa watu, hujui hata neno moja!"

Banda likanyamaza hata jenereta ikasikika. Wewe ukaishusha maiki polepole ukaiweka kwenye paja. Hukunigombeza. Ukasema tu, bila maiki, "Haya. Anasema nisamehe." Halafu ukakaa kimya, na picha ikaendelea kwa Kizungu mpaka mwisho, na watu wakatoka mmojammoja wakiinama kama wanatoka kwa mgonjwa. Wa mwisho alikuwa Shangazi Mwajuma, aliyekuwa anakaa benchi la mbele siku zote. Alifunga kanga yake kiunoni, akanitazama toka juu mpaka chini. "Sasa tumejua," akaniambia. "Tumefaidi nini?"

Nilimdharau siku hiyo. Muuza dagaa wa Kibirizi ananiuliza mimi faida ya kujua. Na wewe nilikudharau zaidi, kwa kuwa hukujitetea. Kesho yake ulirudi kwenye stuli yako na uongo wako, lakini mimi sikukanyaga tena, na nilisikia kwamba kila uliponiona hata napita barabarani, lile neno la dagaa hukulisema.

Banda lilikufa lenyewe baadaye, kama yalivyokufa mengine yote. Nami nikaenda chuo, nikarudi mwalimu wa Kiingereza, nikapanga nyumba Bangwe, nikanunua kompyuta ya mkononi. Ulikuja kunitembelea ukiwa umevaa lile koti. Nikasema leo namwonyesha huyu mzee kichekesho cha watu wenye akili. Nikakuwekea ile tamthilia ya Kizungu tuliyokuwa tunaiangalia chuoni, watu wanakaa kwenye kochi wanapigana vijembe, na kila wakimaliza sentensi kinasikika kicheko cha watu wasioonekana. Ulikaa nusu saa nzima mikono juu ya magoti, kama uko kwenye foleni ya hospitali. Nilikutafsiria sentensi kwa sentensi, neno kwa neno, bila kosa. Ilipoisha ukauliza, "Hao wanaocheka wako wapi?"

Nikakueleza kwamba wamewekwa tu, kicheko kimerekodiwa.

"Ahaa," ukasema. "Kumbe wameshachekewa. Basi hawatuhitaji." Ukaomba chai.

Nilikasirika wiki nzima. Nilimwambia kila mtu pale shuleni jinsi baba yangu alivyo mshamba, na walicheka, kwa pua. Leo nikiiangalia tamthilia ile peke yangu, ninachokisikia ni wale waliorekodiwa tu. Sijui lini kicheko changu kiliniishia. Siku moja nilimwonyesha Zuhura, nikitegemea angalau damu yangu mwenyewe itanielewa. Akaangalia dakika mbili, akanigeukia kwa huruma, huruma kabisa, akasema, "Mama, hii ndo ilikuwa inawachekesha?"

Na yeye anachekeshwa na nini? Usinifanye nianze. Video ya sekunde sita. Kijana anaitazama kamera. Mbuzi analia. Basi. Imekwisha. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho, hakuna neno hata moja. "Kinachochekesha ni nini hapo?" nikamuuliza. "Ukiuliza ndo kishaharibika," akanijibu. Nimezaa mtoto, nimemlipia shule, anachekeshwa na mbuzi.

Usaliti wako, Baba, ulikuwa huo hapo. Nilidhani utakuwa upande wangu. Tangu ulipoanguka bafuni ukavunjika nyonga, ulikuwa umebadilika, mtu akianguka kwenye televisheni uligeuza uso ukasema "Pole, bwana." Nikasema, hatimaye mzee ameiva. Halafu narudi kutoka kazini Ijumaa moja nawakuta wewe na Zuhura kwenye mkeka, vichwa vimegusana juu ya simu yake, mbuzi analia, na wewe machozi yanakutoka. "Rudia," unamwambia. "Rudia tena huyo mbuzi, anafanana na Mwajuma." Nilisimama mlangoni na madaftari yangu hamsini na hakuna aliyenikaribisha.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya niandike. Uliniomba kitu kimoja. Ulikuwa umelazwa, umekonda mpaka koti lile umelifanya shuka, na mimi nimekaa pembeni yako nasahihisha mitihani. Ukasema, "Siku yangu ikifika, Mwajuma asizuiwe. Mkimzuia mtakuwa mmemzika mtu mwingine." Nikaitikia, "Sawa, Baba." Ukaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia, na kalamu nyekundu haikusimama.

Asiyetoka kwetu anisikilize kidogo. Shangazi Mwajuma ni mtoto wa shangazi yake baba, na kwetu Waha watoto wa kaka na dada ni watani. Muvyara wako, yaani mtani wa aina hiyo, ndiye mwenye ruhusa ya kukuchezea shere mbele ya yeyote, na ukifa ndiye anayekuja kukuiga, kukusema, kuwachekesha waliokuja kukulilia. Hafukuzwi. Watoto wadogo wanalijua hilo. Mimi, mwenye shahada, nililijua pia.

Siku ya msiba nyumba ya Buzebazeba ilijaa. Mkuu wa shule alikuwa amekuja na walimu wenzangu, wamevaa nguo zao za kikao, nami nilikuwa nimewapangia viti vya plastiki mbele. Watu walipotulia, shehe akisubiriwa, akatokea Shangazi Mwajuma. Amevaa koti lako. Ameshika mwiko wa ugali, ameufunga kwa mpira wa baiskeli. Akaenda moja kwa moja pembeni ya mlango wa chumba ulimolazwa, akapanda juu ya kinu, akakaa vile vile ulivyokuwa unakaa, mguu mmoja ukining'inia, akagonga mwiko kwa kidole. "Moja, mbili. Mwidiwe wote, hamjambo. Leo picha kali. Mtafsiri ni yuleyule."

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Shangazi akainua mwiko: "Anasema pilau lenu halinukii." Akalia mwingine: "Anasema marehemu aliondoka na sufuria yake." Vicheko vikaanza kutoka chini ya kanga. Ndipo mkuu wa shule akasimama kutoa rambirambi, kwa ule ufasaha wake, "kwa niaba ya uongozi na jumuiya nzima ya shule yetu," na Shangazi akamtafsiri papo hapo: "Anauliza, huyu mwalimu vipindi vyake atafundisha nani?"

Wakaangua kicheko wote. Hata walimu. Hata mkuu mwenyewe aliuma mdomo. Mimi niliona kitu kimoja tu, kwamba wanatucheka. Nikavuka mkeka, nikampokonya ule mwiko. "Shuka!" nikamwambia. "Huna adabu! Hapa ni msibani, si banda la video!"

Banda likanyamaza, nilitaka kuandika, lakini halikuwa banda. Ulikuwa uwanja wa nyumbani kwako. Shangazi alishuka. Akalivua koti, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka kwenye mkeka mbele yangu. "Sawa, Ticha," akasema. "Mzikeni kimya." Akaondoka, na watani wengine wakanyanyuka wakamfuata, na hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia baada ya hapo. Wakakubeba kimya. Ulitoka nyumbani kwako kama karatasi ya mtihani inavyotoka kwenye bahasha. Mkuu wa shule alinishika mkono akasema shughuli ilikuwa ya heshima sana, nami nikajichukia kwa jinsi nilivyofurahi kusikia hivyo.

Zuhura hakusema nami siku tatu. Ya nne akasema, "Mama, umemfukuza mtu pekee aliyekuwa anamzungumzia babu." Akarudi kwenye simu yake.

Nilijikaza wiki mbili. Halafu nikaenda Rusimbi, nyumbani kwa Shangazi, nimevaa baibui langu la heshima, nimebeba sukari. Nilimkuta ameanika dagaa uani, anawapekua kwa vidole, anatoa mchanga na visamaki visivyotakiwa. Hakunipa kiti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kusahihisha?"

Nikamwambia nimekuja kuomba. Arobaini ya Baba inakaribia, aje afanye alichotaka kufanya. Nikamwambia ulivyoniomba hospitalini. Akaendelea kupekua. Nikaona hanisikilizi, nikajitetea kijinga: nikasema sikuwa na nia mbaya, ni kwamba tu vile vichekesho vya Baba sikuwahi kuona maana yake, sentensi moja miaka yote, dagaa, dagaa.

Hapo ndipo alipoinua uso. "We mtoto, ulidhani lile neno lilikuwa la kwenye picha?"

"La nani, basi?" nikauliza.

"Lilikuwa langu," akasema. "Pale mbele nilikuwa nakaa nani? Mume wangu alipozama na mtumbwi wake, nilikaa ndani mpaka nikawa nanuka. Baba yako akaja akanivuta mkono mpaka bandani. 'Njoo uone Wachina wanavyopigana.' Nikakaa. Ikafika mahali kwenye picha mtu akaanza kulia, na mimi nikaanza. Watu wote wamenigeukia. Ndo akasema kwenye maiki, 'Anauliza dagaa sado bei gani.' Nikamrushia kandambili. Nikamwambia, 'Siuzii vibogoyo!' Watu wakacheka, nami nikacheka, kamasi hizo. Tangu siku hiyo akilia mtu kwenye picha, ananiuliza bei, nami namjibu. Watu walikuwa wanakuja kusikia leo nitamjibu nini. We ulikuwa unatazama televisheni."

Sikumwamini papo hapo. Nyinyi watani ni waongo waliofuzu. Lakini nilijaribu kukumbuka majibu yake, hata moja, na sikukumbuka, na mtu aliyekaa mchangani miaka ile yote ameinua shingo hawezi kukumbuka kilichosemwa nyuma yake. Nilidharau kichekesho ambacho nusu yake sikuwahi kuisikia. Mwalimu gani anasahihisha jibu bila kusoma swali?

Nikamuuliza kama atakuja. Akasema atakuja kwa sharti. Aliyemshusha amkalishe. "Utakaa katikati ya uwanja, kwenye benchi, watu wote wakuone, na mimi nakutafsiri. Hata wale wa viti vya plastiki uwalete."

"Shangazi, mimi ni mwalimu wa watu."

"Na baba yako alikuwa nani?"

Nakiri mbele ya wote kwamba nilitoka Rusimbi nimeamua kukataa. Nilifika hadi barabarani. Kudharau ni kitu ninachokijua vizuri. Kudharauliwa nilikuwa sijakifanyia mazoezi. Nilikaa siku nyingine nane nikiwaza nyuso za wanafunzi wangu. Kilichonifanya niamue hakikuwa wema, usijivunie malezi. Nilifungua kabati nikaliona lile koti vile vile alivyolikunja, mikono ndani, na nikaona kweli nimemzika mtu mwingine. Nilimzika mzee mmoja mwenye heshima zake ambaye simjui.

Arobaini ikafika. Dua ikasomwa, watu wakala, vyombo vikaondolewa. Nikaenda stoo mwenyewe nikalitoa benchi lako moja lililobaki, lile lenye mguu mfupi, nikaliweka katikati ya uwanja, nikamletea Shangazi koti na mwiko kwa mikono miwili. Mkuu wa shule alikuwepo. Nilimkaribisha kwa barua.

Akapanda kwenye kinu. "Moja, mbili."

Alinichambua, Baba. Aliiga nilivyokuwa nikitembea kutoka bwenini, pua juu kama nanusa mvua. Aliiga ninavyocheka. Zuhura, ambaye ni mjukuu na kwa hiyo ana haki yake ya utani, alichomoka kwenye mkeka bila kuitwa akapita mbele yangu anachechemea na nyonga yako, anatafuta miwani iliyo kichwani, na wazee wa benchi la mbele, wale walewale, wakaanza kupiga mapaja. Mimi niliwekewa kila aina ya maneno mdomoni. Nilipokohoa: "Anasema madaftari yakusanywe." Nilipojikuna: "Anasema Kiingereza kinawasha." Vya ovyo vyote. Hakuna hata kimoja ambacho ningekirudia mbele ya mtu mwenye akili, na nilikaa pale na tabasamu la kwenye picha ya pasipoti nikiomba viishe.

Ndipo akanigeukia akasema, kwa sauti yako kabisa, "Haya, msomi, sema. Leo nasikiliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Hotuba nzuri, ina mwanzo, ina kiini, ina hitimisho. Nikafungua mdomo, na kati ya yote yakatoka mawili.

"Baba, nisamehe."

Halafu nikaanza kulia, kilio kibaya, cha kamasi, mbele ya mkuu wa shule na jumuiya yake nzima. Nilisikia mtu akisema "Masikini." Shangazi Mwajuma akauinua mwiko polepole, akasafisha koo mara mbili kama ulivyokuwa unasafisha.

"Anauliza," akasema, "dagaa sado bei gani."

Baba, kilikuwa kichekesho cha ovyo. Ni cha ovyo hata sasa ninavyokiandika. Nilicheka kwa mdomo wote, nikajirusha nyuma, na lile benchi lako la mguu mfupi likafanya lilichokuwa likiwafanyia watu miaka yote. Nikaenda chini na baibui langu la heshima, kandambili moja ikaruka mpaka kwenye viti vya plastiki, najaribu kuinuka, narudi chini, nainuka, narudi chini. Hakuna aliyekuja kunisaidia. Walikimbia barabarani kuita wengine waje waone.

Zuhura alirekodi. Ina sekunde tisa. Nimemkataza kuirusha. Ameirusha.

Kaa huko uliko na ladha yako mbaya, na ukimkuta Mama mwambie alikuwa na haki ya kulalamika.

Ni mimi, binti yako wa pekee,
Ticha